Sura ya Nane: Hita Isiyotumia Stima

Inspekta Twaiba alimrudishia Bi Warda ufunguo wa bafu saa nne asubuhi ya Jumatatu. Katika miaka kumi na mitatu ya upelelezi alikuwa amekosea mara nyingi tu, kwa haraka, kwa hasira, mara moja kwa uvivu. Hakuwahi kukosea kwa huruma mpaka siku hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jibu au umekuja kunitazama?"

Matanga yalikuwa yamekwisha jana yake. Viti vya kukodi vilipangwa uani vikimsubiri mwenyewe, na Bi Warda alikuwa amekaa mkekani, mgongo umeegemea ukuta, mjukuu mapajani. Mtoto aliitwa Luqman, ana siku ishirini na tatu. Mama yake, Hanifa, kitinda mimba wa Bi Warda, alifia ndani ya bafu la nyumba hiyo Alhamisi asubuhi, siku ya kumi na tisa ya arobaini yake, na alasiri ya siku hiyohiyo akazikwa. Aliyemkuta amekufa alikuwa Kache, mkandaji aliyeletwa kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Sasa Kache alikuwa mahabusu.

"Jibu bado liko maabara, Mombasa," alisema Twaiba. "Kile kikombe cha dawa alichonywea Hanifa ndicho kitakachosema."

"Kitasema Kache. Mimi nimeshasema tangu siku ile."

"Subira, mama."

"Subira ninayo. Bafu ndilo sina." Bi Warda alimgeuza mtoto upande, akampigapiga mgongo. "Siku nne namwogesha mjukuu wangu kwa maji ya jiko. Yatoka jikoni ya moto, yafika chumbani yamepoa. Hebu sikiza kifua hicho."

Twaiba aliinama akasikiliza. Mtoto alikuwa akikoroma kidogo, kama watoto wote wanavyokoroma, lakini nani angemwambia hivyo bibi aliyezika juzi?

"Humwogesha saa ngapi?"

"Nikishaswali alasiri. Nafungulia maji ya moto kwanza, chumba kipate joto. Ndipo naingia naye, nafunga mlango, namwogesha taratibu. Mtoto wa arobaini hapigwi na upepo."

Twaiba alifikiri. Picha zilikuwa zimepigwa, alama za vidole zimechukuliwa, kikombe kimepelekwa. Hakukuwa na sababu ya kulizuia bafu la watu. Alibandua mwenyewe utepe wa polisi mlangoni, akamwekesha Bi Warda sahihi ya kupokea ufunguo, akaaga.

Garini, Konstebo Hesbon alikuwa amefungua vioo vyote vinne na bado anatokwa jasho. Alikuwa kijana wa Kakamega aliyehamishiwa pwani mwezi wa tano, na hakuna siku iliyopita bila kulalamika juu ya joto.

"Tunarudi stesheni, Madam?"

"Turudi. Nataka kumhoji Kache mara ya mwisho kabla siku za hakimu hazijaisha."

* * *

Hakimu alikuwa ametoa siku tano za kumzuilia Kache, na hii ilikuwa ya nne. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu kutoka upande wa Kinango, mikono mikubwa, sauti ndogo. Kuanzia Ukunda mpaka Gazi hakuna asiyemjua. Watu wengi wenye vyeo leo, mama zao walikandwa na mikono ile. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, ameweka viganja juu ya meza kana kwamba vinangoja kazi.

"Tuanze tena," alisema Twaiba. "Kikombeni ulitia nini?"

"Pilipili manga, tangawizi, na mzizi wangu."

"Mzizi gani?"

"Nimeshakwambia sitautaja. Nilipewa na bibi yangu nikaapishwa."

"Kache, unajua kukaa kimya kwako kunakufanya uonekane vipi?"

"Najua."

"Na ulionja?"

"Dawa ya mzazi hainywewi na asiyezaa. Sijaonja."

Twaiba aliweka kalamu chini. Hapa ndipo walipokwama Ijumaa, na hapa ndipo alipokuwa na uhakika mwanamke huyu anadanganya. Watu watatu walimkuta Kache ameinama kwenye mlango wa jikoni akitapika, macho mekundu, hawezi kusimama. Kama hakuonja sumu, nini kilimtapisha?

"Basi nieleze hiyo hali. Ilianza saa ngapi?"

"Nikiwa ndani naye. Nilikuwa namkanda mgongo. Kichwa kikaanza kunigonga, huku na huku. Macho yakaingia kiza. Nikamwambia, mwanangu, kaa hapa kwenye kibao, naenda kuchukua mafuta ya nazi. Kumbe nilitaka kukaa chini tu. Miguu haikunitii."

"Ukakaa jikoni muda gani?"

"Sijui. Hata kulia kwa mtoto nilikusikia kwa mbali. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, amelala. Uso mzuri, mwekundu, nikafurahi kwamba damu imerudi. Nikamgusa."

Waosha maiti nao walikuwa wamesema hivyohivyo, kwamba Hanifa alikuwa na uso wenye rangi kama bibi harusi. Wakafurahi, wakaliita jambo la heri, na nani angewakatalia? Yeye mwenyewe aliliandika pembeni mwa ukurasa na kulisahau.

"Muda wote huo maji yalikuwa yakitoka?"

"Yakitoka na moto unawaka. Ile hita ina kelele tangu iingizwe ndani."

"Iingizwe ndani? Ilikuwa wapi?"

"Nje, ukutani. Jumanne alikuja fundi wa Ukunda akaihamisha."

Jumanne. Hanifa alikufa Alhamisi. Twaiba aliandika siku mbili hizo moja chini ya nyingine, akazitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kile kikombe kikaanza kumchosha.

"Fundi gani?"

"Ziro. Ana duka Kona ya Musa."

* * *

Walitoka kituoni saa nane na nusu. Hesbon aliendesha, na Twaiba akafungua faili kutafuta maelezo ya Swabir, mume wa marehemu. Swabir alikuwa fundi wa jenereta katika hoteli ya kisiwani Chale. Siku ya Ijumaa aliandikisha maelezo marefu mno, kurasa mbili juu ya hita ya maji, na Twaiba aliyaona ni maneno ya mtu aliyefiwa anayezungumza juu ya mashine kwa sababu hawezi kuzungumza juu ya mkewe. Alimwachia aseme, karani akaandika, yeye akapiga muhuri. Hakuyasoma. Sasa alianza kuyasoma, gari likirukaruka.

Swabir alikuwa ameanza tangu mwanzo. Nyumba yao ya Kinondo haina stima. Nguzo ziliishia kwa jirani, nusu kilomita. Mke alipokuwa na mimba ya miezi sita alianza kutafuta njia ya maji ya moto, maana mzazi hukandwa asubuhi na jioni kwa siku arobaini. Kuni alizikataa kwa sababu ya moshi. Shawa ya umeme aliikataa kwa sababu ingemaliza betri za sola kabla mtu hajasuuza sabuni. Hita ya jua aliitamani, lakini Hanifa angejifungua wakati wa kusi na mawingu, na mzazi haambiwi angoje jua. Ikabaki hita ya gesi, ile isiyo na tangi, inayochemsha maji yakiwa njiani. Hiyo nayo zipo zinazotaka stima ya kuwashia. Alitafuta hadi akapata inayowashwa na betri mbili za tochi, bomba likifunguliwa tu inajiwasha yenyewe. Akapandisha tangi la maji juu ya nguzo ili yashuke kwa nguvu ya kutosha. Mtungi wa kilo kumi na tatu aliuweka nje kivulini.

"Zilikuwa aina mbili dukani," yalisema maelezo mwishoni mwa ukurasa wa kwanza. "Moja ya ndani, yenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Nyingine ya nje. Nilikaa wiki mbili nikipima nichague ipi."

"Tumefika, Madam," alisema Hesbon.

Twaiba alifunga faili.

Kona ya Musa ilikuwa imejaa watu wa mchana: wauza nguo, bodaboda, mizigo ya mboga ikishushwa. Duka la Ziro lilikuwa kati ya kinyozi na muuza simu, dogo, mabomba yamening'inizwa dari nzima. Mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini, fulana safi, tabasamu la mfanyabiashara. Tabasamu lilikatika alipoona kitambulisho.

"Karibu, afande."

"Asante. Wewe ndiye uliyefunga hita ya gesi kwa Swabir, Kinondo?"

"Ndimi. Mwezi wa saba."

"Uliifunga wapi?"

"Nje, ukutani. Ile ni ya nje."

"Ukarudi tena lini?"

"Sikurudi."

Alijibu haraka kuliko swali. Twaiba alivuta kigoda akakaa, akamtazama Ziro akipanga upya koki ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri.

"Hukurudi hata kukagua?"

"Kazi yangu hairudiwi, afande. Nikifunga nimefunga."

"Kuna mtu anasema alikuona Jumanne."

"Nani? Yule mganga aliyemuua yule binti? Huyo atasema lolote."

Hesbon, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, alikohoa. "Madam, iko hapa Facebook yake. Jumanne, saa nane mchana. 'Kazi safi Kinondo, maji moto bila stima, tupigie.' Na picha."

Aliinyoosha simu. Sanduku jeupe lilikuwa limefungwa juu ya bomba, vigae vya buluu nyuma yake. Twaiba alivijua vigae vile. Alikuwa amesimama mbele yake Alhamisi nzima.

"Kazi safi," alisema Twaiba. "Kaa chini, Ziro."

Ziro alikaa juu ya mtungi mtupu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Niliitwa," alisema. "Wallahi, afande, mimi si Mwislamu lakini naapa. Nilipigiwa simu na mama mtu mzima. Akasema upepo wa kusi unazima moto, mzazi anabaki na sabuni mwilini anatetemeka. Akasema ihamishe ndani. Nikamwambia hii ni ya nje. Akasema basi na mwanangu afe kwa baridi? Afande, ningefanya nini?"

"Ungekataa."

"Ningekataa angemwita mwingine. Nikaihamisha. Lakini nilimwonyesha dirisha! Dirisha lile ni la vioo vya kupanda na kushuka, nikavifungua vyote, nikamwambia visifungwe. Na juu ya mlango kuna matundu ya hewa. Tazama picha yenyewe, dirisha li wazi."

Ilikuwa kweli. Kwenye picha ya Ziro vioo vilikuwa vimelala wazi, na nje yake unaona minazi.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilisikia mazishi nikaogopa. Lakini nikajiambia, dirisha li wazi, haiwezi kuwa hiyo. Kila siku najiambia hivyo."

Twaiba alichukua simu yake mwenyewe, akatafuta picha alizopiga Alhamisi. Aliipata moja ya ukuta uleule, akaiweka kando ya ile ya Ziro. Hakuona tofauti ya maana. Hita ileile, bomba lilelile. Aliikuza. Chini, karibu na kibao, mijusi wawili walikuwa wamelala chali.

Hesbon alichungulia begani mwake. "Madam, swali moja, na usinikasirikie."

"Sema."

"Hii dirisha mbona imejazwa nguo? Hadi kwa hizo holes za juu wameweka kitambaa. Si watu wanaoga hapo? Na vile kuna joto huku kwenu."

Twaiba alifungua mdomo amjibu. Jibu lilikuwa rahisi, kila mtu wa pwani analo: chumba cha mzazi huzibwa. Yeye mwenyewe alizaa mara tatu, na mara zote tatu mama yake aliziba dirisha kwa godoro na chini ya mlango kwa kanga. Alikuwa amelipiga picha dirisha lile mara nne na hakuliona, kwa sababu lilikuwa vilevile linavyopaswa kuwa. Alihitaji mgeni wa Kakamega amwonyeshe.

Ziro alikuwa ameinuka. Alikuwa akiitazama picha na rangi imemtoka usoni.

"Wamefunga?" alisema. "Wamefunga dirisha?"

"Kukifungwa kuna nini?"

"Afande, ule moto unakula hewa ya chumba. Hewa ikipungua unatoa moshi mbaya. Hauna harufu, hauonekani. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, analala. Anakuwa mwekundu tu, kama mzima."

"Kwa muda gani?"

"Chumba kile kidogo, mtu mzima, labda nusu saa. Robo saa."

"Na mtoto?"

Kutoka msikiti ulio nyuma ya soko, muadhini alianza kuadhini alasiri.

* * *

Kutoka Kona ya Musa mpaka nyumba ya Kinondo ni dakika ishirini na tano kwa mtu asiye na haraka. Hesbon aliwasha king'ora na kuingia barabara ya Lungalunga kama mwehu, na Twaiba akampigia simu Bi Warda.

Simu iliita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Alijaribu kuhesabu. Adhana imeisha. Bi Warda atatia udhu, ataswali rakaa nne, ataleta uradi wake, na mwenye msiba uradi wake ni mrefu. Dakika kumi na tano, labda ishirini. Kisha atafungulia maji, chumba kipate joto. Maji yakikimbia, moto unawaka, na mtoto bado yuko mkekani, salama. Kisha atamchukua. Kila mara Twaiba alipofika hapo katika hesabu alianza upya, akiomba rakaa zirefuke.

"Anashika?" aliuliza Hesbon.

"Inaita tu."

"Hakuna jirani?"

"Sina namba ya jirani." Alimpigia Swabir. Swabir alishika mara moja. Alikuwa Chale, na maji ya bahari yalikuwa yamejaa katikati, hakuvukiki.

"Swabir, kuna jirani wa karibu wa kwenda nyumbani kwako sasa hivi?"

"Nusu kilomita. Kuna nini, Inspekta?"

"Mpigie. Mwambie akazime mtungi wa gesi. Asiulize, akimbie azime."

"Mtungi? Kwa nini? Hita iko nje!"

"Mpigie, ndugu yangu."

Akakata. Walipita Mwabungo, lori la mchanga likiwaziba njia, dereva wake akitazama kando kana kwamba king'ora hakimhusu. Hesbon alitukana kwa Kiluhya. Faili lilikuwa bado mapajani mwa Twaiba, na kwa sababu hakuwa na la kufanya alifungua ukurasa wa pili, ule ambao hakuwahi kuufikia.

"Fundi Ziro alinishauri ya ndani," yaliendelea maelezo ya Swabir. "Nilikataa. Nilichagua ya nje kwa sababu mke wangu atakuwa mzazi na namjua mama mkwe wangu, ataziba madirisha yote. Mimi sitakuwapo kumzuia. Nyumba ya mzazi ni ya wanawake na mimi nalala Chale mpaka arobaini iishe. Kwa hiyo nilichagua ile ambayo haiwezi kuwadhuru hata wakiziba."

Chini yake kulikuwa na muhuri, na sahihi ya Inspekta Twaiba, na tarehe ya Ijumaa. Tangu Ijumaa.

Alipiga simu tena. Iliita, iliita, ikakatika.

Waliacha lami, wakashika njia ya mchanga. Alipoona paa la mabati Twaiba alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Mtu mmoja alikuwa akija mbio kutoka shambani upande wa pili, jirani wa Swabir huenda, lakini alikuwa bado mbali. Uani hakukuwa na mtu. Mkekani hakukuwa na mtoto. Simu ya Bi Warda ilikuwa juu ya msala, kioo kikiwaka. Na kutoka nyuma ya nyumba ilisikika ile sauti ambayo Kache alikuwa ameitaja, mngurumo wa moto juu ya maji.

"Hesbon, mtungi! Nyuma! Funga!"

Aliupiga mlango wa bafu kwa kiganja. "Mama! Bi Warda! Fungua!"

Kimya. Maji yalikuwa yakitiririka. Chini ya mlango aliona pindo la kanga limepachikwa kwa ndani, safi, limekunjwa vizuri. Alirudi nyuma hatua mbili akaupiga mlango kwa bega, haukutingishika. Akaupiga kwa teke karibu na komeo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu komeo likang'oka na mlango ukafunguka nusu, kisha ukazuiwa na kitu laini. Ilikuwa miguu ya Bi Warda.

Mvuke ulimjia usoni. Alivuta pumzi nje, akaizuia, akaingia. Bi Warda alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeanguka kifuani, na mikono yake, hata katika hali ile, ilikuwa bado imemshika mtoto juu ya beseni asizame. Twaiba alimchomoa Luqman kwenye mikono ile. Ilimbidi avifungue vidole kimoja kimoja.

Alitoka naye mpaka katikati ya ua, kwenye upepo wenyewe, ule ambao wote walikuwa wakiuogopa. Mtoto alikuwa na mashavu mekundu, mazuri sana. Hakuwa akilia. Twaiba alimlaza juu ya mkono, akamsugua mgongo, akampulizia puani na mdomoni taratibu kama alivyofunzwa zamani kwa mwanasesere wa plastiki, huku nyuma yake Hesbon na yule jirani wakimburura Bi Warda mlangoni. Alipuliza. Alisugua. Alimwita kwa jina. Alikuwa akilia mwenyewe na hakujali nani anaona.

Luqman alikunja uso, akakohoa, akatoa kilio chembamba cha hasira.

* * *

Saa kumi na moja na nusu, hospitalini Msambweni, daktari alitoka na kusema mtoto atapona. Alikuwa amewekewa hewa na alikuwa akinyonya chupa. Bi Warda naye alikuwa kitandani wodi ya wanawake, barakoa ya hewa imeshushwa shingoni kwa sababu alikataa kuzungumza ndani yake. Alikuwa ametapika mara mbili. Macho yalikuwa mekundu lakini akili ilikuwa yake.

Twaiba alikuwa ameshapiga simu kituoni Kache aachiwe, na Hesbon alikuwa ameshatumwa kumleta Ziro kwa gari lilelile. Lilibaki jambo moja. Lilikuwa lazima lifanywe leo, kwa maandishi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kulifanya.

"Mjukuu wangu?" aliuliza Bi Warda.

"Mzima, mama. Ananyonya."

"Alhamdulillahi." Alifumba macho, akayafumbua. "Umeona sasa? Huyo Kache amefungiwa na bado uchawi wake unatembea. Ametia kitu mle bafuni."

"Mama, kuna maswali lazima nikuulize. Uko sawa nikuulize?"

"Uliza, mwanangu."

Twaiba alifungua daftari. Aliandika tarehe, saa, jina kamili la shahidi. Mwandiko wake haukuwa mzuri.

"Nani alimwita fundi kuihamisha hita?"

"Mimi. Moto ulikuwa ukizimika kila upepo ukivuma, mwanangu anatetemeka na povu mwilini. Swabir ni mzuri lakini mwanamume hajui mambo ya uzazi, ameiweka hita nje kama banda la kuku. Nikamwita fundi, akaileta ndani."

Twaiba aliandika.

"Fundi alikwambia nini juu ya dirisha?"

"Alisema niliache wazi. Nikamwona mtoto mdogo, hajui mambo. Jumanne nililiacha. Na unaona? Jumatano Hanifa akatoka bafuni analalamika kichwa, na kichefuchefu. Nikajua palepale, ni upepo ushamwingia. Mzazi akiingiwa na upepo ni kaburi, hilo kila mtu anajua." Bi Warda alijiinua kidogo kwenye mto. Katika sauti yake, iliyochoka vile, kulikuwa na fahari, fahari ya mama aliyetimiza wajibu wake na anataka ijulikane. "Basi Alhamisi alfajiri, kabla hajaamka, niliingia mle peke yangu. Sikumwachia Kache, sikumwachia mtu. Nilichana kanga zangu mbili mpya nikaziba dirisha, nikaziba yale matundu ya juu, nikaziba chini ya mlango. Kwa mikono yangu hii. Sikuacha hata pa kupenya sindano. Liandike hilo, watu wajue mwanangu hakufa kwa uzembe wa mamaye."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi.

Bi Warda alingoja. Alimtazama Inspekta usoni, akashusha macho kwenye daftari, akayarudisha usoni.

"Mbona huandiki, mwanangu?"